Jogoo wa Harambee ya Bigwa

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa sikai mahali. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo chochote chenye watu wengi na kelele kilinivuta. Ndivyo nilivyojikuta Bigwa, pembeni mwa mji chini ya milima, nimebeba spika za harambee, kazi niliyoiomba ili nione tu.

Ilikuwa harambee ya mabati ya zahanati. Kuta zilishasimama kwa msaragambo: watu wa milimani walishusha mawe kichwani, na asiye na nguvu alileta cha kutia kwenye sufuria ya wabebaji. Lakini mabati hayaokotwi mtoni, kwa hiyo kamati ikakodi turubai, ikaalika mgeni rasmi, ikaleta na mshereheshaji wa mjini mwenye suti ya mtumba iliyomzidi mabega.

Akaja bibi mmoja kutoka juu mlimani, amekumbatia jogoo mwekundu wa kuchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sufuria iko wapi?"

Akanieleza hapo hapo: binti yake alijifungulia njiani akishuka kwenda hospitali, wakapona wote wawili. Akaweka nadhiri kwamba jogoo wake, naye hana mwingine, ataliwa na wanaojenga zahanati. Kabla sijamjibu, mshereheshaji alishamnyakua jogoo.

"Mnada! Nani anamtaka mfalme huyu?"

Jamani! Mwenye mashine ya kusaga akamnunua, akapigiwa makofi, akamrudisha mezani anadiwe tena. Mwenye duka wa Mwembesongo akamnunua, naye akamrudisha. Fundi redio akaahidi tu kulipa, akapigiwa makofi yale yale. Jogoo akamchafua mgeni rasmi gotini, tukacheka mpaka spika zikapiga mluzi. Nilikuwa kama nimelewa, na soda yenyewe sijaonja. Sikuwahi kuona kitu kimoja kikitolewa na watu wengi hivyo, na hakuna aliyepungukiwa.

Mwishowe mgeni rasmi akamnunua, akasimama. "Namrudishia mama yetu, kama zawadi!"

Vigelegele. Bibi hakunyoosha mkono.

"Ana ugonjwa?"

"Hapana, mama. Ni heshima yako."

"Sasa mbona mnanirudishia? Nikiulizwa nyumbani nimetoa nini, niseme nilimtembeza jogoo mjini?"

Watu hawana mbavu. Mshereheshaji akaingilia, "Bibi, umetoa kuliko wote!"

"Nimetoaje, na ninarudi naye?"

Jogoo akaona nafasi, akaruka. "Wewe wa spika, kamata!" bibi akaniamuru, nami nikapiga mbio kati ya viti na waya, nusu ya mkutano nyuma yangu, mpaka nikamwangukia kwenye rundo la mawe ya sakafu. Mwenye duka akavua koti, akapiga bismillahi, akachinja. Sufuria tukaazima nyumba ya jirani. Mafundi wa ujenzi, waliokuwa wamekaa nyuma ya ukuta bila kualikwa, wakaitwa.

Bibi aligawa mwenyewe. Mgeni rasmi akasogea, harufu imemshinda. "Na mimi, mama?"

"Umebeba jiwe?"

Kisha yule bwana akakunja mikono ya shati, akachagua jiwe lisilo dogo, akalipeleka mpaka mlangoni mwa zahanati huku akihema, mkutano mzima ukimshangilia kuliko alipotaja ahadi yake. Bibi akamkagua viganja, akampa kipapatio.

Sufuria ilipokwisha akaigeuza, akaipiga kofi chini, hakikudondoka kitu. Hapo ndipo na yeye alipocheka.