Bakhshishi ya Mchele wa Mbwara

Hilali bin Mohamedi alipata kazi melini kwa sababu ya utulivu wake. Meli ile ya Wajerumani ilipanda mto Rufiji kwa gurudumu la nyuma lililopiga maji, na kila ilipokwaruza fungu la mchanga vyombo vyote viliruka. Yeye alitoka jikoni na bakuli la supu mpaka meza ya mabwana bila kumwaga tone.

Kabla ya vita abiria walikuwa wenye mashamba ya pamba, wawindaji wa viboko na wafanyabiashara. Safari ilipokwisha kule Salale, kwenye midomo ya mto, kila mmoja aliacha chochote chini ya sahani yake. Mzee Husseini, Mngazija aliyekuwa mkuu wa mezani, alikusanya bakhshishi zote akazigawa: fungu la mpishi, fungu la waosha vyombo, fungu la wahudumu. Mshahara ulikuwa wa kujaza tumbo tu. Bakhshishi ndiyo iliyomwozesha Hilali kwa Mwanamize, na ndiyo iliyompelekea mama yake nguo mpya kule Mbwara kila Idi.

Kisha mwaka wa 1905 watu wa Umatumbi wakanywa maji ya dawa, wakang'oa pamba ya serikali, na vita vikashuka mpaka bondeni. Abiria wakabadilika. Sasa meli ilipakia askari na maofisa wao, watu waliokula upesi, hawakusema asante, wala hawakuacha kitu chini ya sahani. Miezi miwili ilipita Hilali hajashika hata pesa moja ya juu.

Siku moja meli ilipotia nanga karibu na Mkongo kupakia kuni, dada yake Biasha alivuka mto kwa mtumbwi, kikapu cha mchele kichwani.

"Mama kakuletea uonje," alimwambia. "Mpunga wa mwaka huu umejaa, ila wa kuununua hayuko. Njia zimefungwa. Chumvi hatuna, na watoto wanatembea uchi."

"Na vihenge vya mpunga? Askari hawajavigusa?"

"Tumevihamishia ng'ambo ya bwawa, nyuma ya mianzi. Wanaume nusu wako vitani, nusu hatujui waliko. Tumebaki wanawake na mpunga wetu. Laiti tungepata mtu wa kutubadilishia kwa chumvi."

Hilali alimpa dada yake mkate wa melini, akaupeleka mchele jikoni. Ukapikwa kwa nazi, ukanukia meli nzima.

Mezani alikuwako luteni mmoja mwenye ndevu nyekundu, mtu wa maneno laini, aliyekijua Kiswahili vizuri. Alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili.

"Huu si mchele wa Bombei," alisema.

"La, bwana. Wa kwetu huu, Mbwara."

"Mbwara? Nimeambiwa vihenge vya Mbwara vitupu."

Hilali akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajasemeshwa kama mtu. Akamkumbuka Biasha na chumvi yake, akaona mlango umefunguka. "Vya kijijini ndivyo vitupu, bwana. Vilivyojaa viko ng'ambo ya bwawa, nyuma ya mianzi. Bwana akitaka kununua, ninaye dada yangu huko, atawauzia kwa bei njema."

"Na mtu anafikaje?"

Hilali akamchorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza: hapa mto, hapa njia ya nguruwe, hapa pa kuvukia, maji hayapiti magoti. Luteni alitazama kwa makini, akaitikia kwa kichwa. Alipoinuka aliacha rupia tano chini ya sahani.

Hilali akampelekea Mzee Husseini zigawanywe. Mzee alizitazama bila kuzigusa.

"Kakupa za nini?"

"Wali umempendeza."

"Mwanangu, nimetumikia meza miaka thelathini. Wali wa rupia tano sijapata kuuona. Kaa nazo mwenyewe, sisi wengine usitutie."

Hilali alimwona mzee ana kijicho.

Alfajiri askari waliteremka ng'ambo ya mto, upande wa Mbwara. Hilali alisimama ukingoni mwa meli, akawatazama, akitafuta magunia na mizani. Hakuviona. Aliona bunduki, na madebe manne ya mafuta ya taa. Alitaka kupiga kelele, lakini apige kwa nani? Alimkimbilia luteni, akasema, "Bwana, ulisema utanunua." Luteni alikuwa akifunga mkanda. Alimjibu bila hasira, "Mimi sikusema hivyo. Wewe ndiye uliyesema."

Ilikuwa kweli.

Moshi ulipanda kabla ya adhuhuri. Mchana upepo ukageuka, ukaleta melini harufu ya ukoko, kama sufuria iliyosahauliwa motoni, ila sufuria ya kijiji kizima. Jioni luteni alirudi mezani, masizi kwenye ndevu, akaulizia ule wali. Ulikuwa umebaki kidogo. Hilali akampakulia.

Hakupata ruhusa ya kwenda kwao mpaka mwaka uliofuata, mwezi wa pili. Alibeba biskuti za melini na zile rupia tano, akipanga kununua chakula njiani. Kila duka alilopita lilikuwa limefungwa, na waliokuwa na chakula hawakuuza kwa bei yoyote.

Alimkuta Biasha msituni anachimba ming'oko, viazi vya mwituni, amebaki mifupa mitupu. Watoto wake wawili walikuwa wamekwisha zikwa. Hakulia alipomwambia.

"Walijua njia," alisema. "Hawakutangatanga. Walivuka palepale pa kuvukia. Mtu wa hapa ndiye aliyewaonyesha, na Mungu atamwonyesha na yeye."

Hilali angeweza kunyamaza. Alijaribu, akashindwa. Akamweleza yote, ndevu nyekundu, kidole juu ya kitambaa, na ile chumvi aliyokusudia kumtafutia. Akazitoa rupia, akamwekea kiganjani.

Biasha alizigeuza kiganjani. "Hizi zinapikwaje?" aliuliza. Akamrudishia. Kisha akasema, "Mama asijue. Hilo tu nakuomba. Mama asijue."

Mama alikuwa kalala kwenye mkeka, macho yameingia ndani. Alimtambua mwanawe kwa sauti. Hilali alimlowekea biskuti kwenye maji, akamlisha kwa kidole.

"Mwanangu wa melini," mama alisema, "wewe ndiye uliyetukumbuka. Mungu akuzidishie kwa kila ulichotufanyia."

"Amina," alijibu Biasha mlangoni, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu ajibu.

Mama alikufa siku ya nne. Sanda haikupatikana, Hilali akatoa kanzu yake nyeupe ya kazi, wakamvisha hiyo. Wachimba kaburi wawili wazee walizikataa rupia zake, wakaomba biskuti zilizosalia. Akawapa zote.

"Twende wote Salale," alimsihi dada yake. "Melini makombo hayakosekani."

"Nenda," alisema Biasha. "Mimi makombo ya meza ile hayatapita hapa." Akashika koo lake.

Hilali alipompelekea mkate kwa mkono wa mtu wa mtumbwi, mwezi mmoja baadaye, mtu yule alirudi nao. Nyumba ilikuwa wazi, alisema, na nyasi zimeota mpaka jikoni. Hakuna aliyejua Biasha amekwenda upande gani, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Vita vilipokwisha, wenye mashamba ya pamba wakarudi na kelele zao. Wakala, wakanywa, wakaacha rupia chini ya sahani kama zamani. Hilali akaziokota moja moja. Mwanamize alikuwa na mimba ya miezi saba, na mchele wa Bombei ulikuwa umepanda bei.