Madigadi ya Taa Iliyosimama

"Irudishe kama ilivyokuwa," Mama Faisal alimwambia Mzee Abeid, fundi bodi wa Mirongo, alipomletea Volkswagen ya marehemu mumewe. Madigadi za mbele hazikuwa za toleo moja: ya kulia taa yake imelala, ya kushoto imesimama wima. Tofauti hiyo ilimkera Abeid. Akazunguka magereji mpaka Nyegezi, mgongo ukimuuma, akapata inayofanana na ya kulia, akaifunga.

Mjane alipoiona akatikisa kichwa.

"Hii sasa gari ya mtu yeyote, fundi. Mimi nilikuwa nikiona taa moja imelala, nyingine imesimama, najua Baba Faisal anapanda kilima, nabandika chai."

Abeid akashusha pumzi, akachutama tena, magoti yakimlia, akaanza kuifungua ile ya kushoto.