Nibu ya Karati Kumi na Nne

Wahindi walipofukuzwa nchini mwetu, mjomba wangu ndiye aliyebaki sonara peke yake katika mtaa wetu wa maduka. Tajiri wake wa zamani alimwachia jiwe jeusi la kupimia dhahabu na chupa tatu za tindikali. Macho ya mjomba yalikuwa yamechoka, kwa hiyo alinifundisha mimi. Watu walishangaa kuona msichana kashika tupa. Shauri yao, kazi nilikuwa naijua.

Miaka ile watu walileta kalamu za wino za zamani zilizookotwa katika nyumba zilizoachwa, na kila mmoja aliapa ni dhahabu tupu. Kalamu hizo hukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kifuniko kinang'aa, kumbe ni shaba iliyovikwa ngozi ya dhahabu. Unakikwaruza kwa tupa upande wa ndani, unakisugua kwenye jiwe, unadondosha tindikali, na ule mstari unachemka, unageuka kijani na kupotea. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ni habari nyingine. Wino hula chuma, ndiyo maana mafundi wa kalamu nzuri waliweka dhahabu pale. Unaichomoa, unasugua mkia wake uliofichika, na mstari unabaki palepale.

Afisa mmoja wa jeshi aliniona dukani alipoleta mkufu wa saa. Wiki iliyofuata akaleta posa nyumbani kwetu Kisugu, barua pamoja na kalamu, zawadi kwa baba ya kuandikia majibu. Alikuwa Mwislamu, ana wake wawili, na umri wake ni wa baba. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, mpole, asiyeweza kumwambia hapana hata muuza mkaa. Na afisa wa miaka ile nani angemwambia hapana? Jirani yetu alibishana na mmoja wao juu ya ukuta wa ua, na mke wa jirani hadi leo hajaonyeshwa kaburi la mumewe.

Mimi sikumtaka. Nilimlilia mama, mama akamwambia baba, baba akajifungia na vitabu vyake siku mbili. Alitoka na njia. Mwanamume haruhusiwi kutumia chombo cha dhahabu. Kilichopakwa juu juu, ambacho ukikiyeyusha hupati kitu, hakina neno, lakini dhahabu yenyewe ni haramu. Basi kalamu ikionekana ni dhahabu, baba atairudisha kwa heshima, na kwetu sisi zawadi ya posa ikirudi, posa nayo imerudi. Hakuna atakayekuwa ametukanwa. Akanipa kalamu niipime.

Niliipima kama ninavyopima ya mtu yeyote. Kifuniko kilikuwa shaba iliyovikwa, kishikizo vilevile, mwili plastiki. Nibu ilikuwa dhahabu ya karati kumi na nne. Baba aliniomba karatasi ya kuambatanisha, isije ikaonekana ni maneno yake. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu, kwamba kalamu hii ina dhahabu. Ulikuwa ukweli na ungetosha. Lakini nilikuwa na kiburi cha fundi, Mungu anisamehe. Niliandika kila sehemu na matokeo yake, nikagonga na muhuri wa duka. Nilitaka bwana mkubwa ajue kwamba zawadi yake, ukiondoa nibu, ni shaba na plastiki.

Baba aliirudisha kalamu pamoja na karatasi yangu, na siku nne tulikula vizuri. Mama aliimba jikoni, na mimi nikalala usingizi wa mtoto.

Siku ya tano gari la jeshi likasimama mlangoni. Askari kijana akashuka, akavua kofia, akampa baba kalamu ileile kwa mikono miwili.

"Mwalimu, afande amesema asante kwa kumfundisha dini," alisema. "Dhahabu ametoa. Sasa iko halali."

Baba akafungua kifuniko. Nibu ilikuwa ya chuma, mpya. Akanitazama, wala si kwa hasira. Heri angekasirika. Kisha akaniomba wino, nami nikamletea mwenyewe.

Aliandika kwamba amekubali kunioza. Askari akasubiri wima mpaka wino ukakauka. Ijumaa nikaozwa.