Breki Niliyoitengeneza kwa Koleo

Mwanangu, kuna asubuhi moja nisiyoisahau mpaka leo. Nilikuwa kijana hapa kambini Dzaleka, dereva wa gari kuukuu la kanisa letu, na nilijiona fundi kwa sababu nilikuwa nimemtazama fundi akifanya kazi mara mbili tatu.

Nilikuwa nimebadilisha mpira wa mafuta ya breki, hewa ikaingia ndani. Kuitoa si kazi ya ajabu: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, mafuta yanatoka pamoja na hewa, nati inakazwa, kisha pedali inaachiwa. Spana yake ya ringi sikuwa nayo. Mzee Sabiti, fundi wetu, alikuwa nayo, lakini siku hiyo alikuwa na kazi Kanengo, na mimi sikutaka kumngoja. Nikatumia koleo. Nati ikalika pembe, isikaze vizuri.

Aliyekuwa anakanyaga ni mke wangu, Furaha.

"Iko laini bado," akaniambia. "Inazama."

Majirani walikuwa wanatutazama. Nikamjibu kwamba yeye anajua cherehani, breki aniachie mimi. Akashuka garini.

Kabla ya adhuhuri jirani yetu, Mama Neema, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Tukampakia, Furaha akamshika mgongo kwenye kiti cha nyuma, tukaelekea Lilongwe. Mwanzoni breki zilishika kidogo. Kwenye mteremko, karibu na Lumbadzi, baiskeli ya kabaza, zile zinazobeba abiria kwa malipo, ikakata barabara mbele yetu, na mama amekaa nyuma yake. Nikakanyaga. Pedali ikagusa sakafu, na gari halikupungua mwendo hata kidogo. Nikakanyaga tena na tena. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikapinda kuingia shamba la mahindi. Matuta yalitutupa huku na huku mpaka injini ikazimika. Nyuma nilisikia Mama Neema analia, na nikaogopa kugeuza shingo.

Walikuwa wazima. Wale wa baiskeli pia. Dereva wa minibasi akamchukua Mama Neema, na mtoto akazaliwa salama hospitali. Mimi na Furaha tulibaki shambani na gari.

Mzee Sabiti alitukuta hapo saa kumi, akirudi kutoka Kanengo. Alitazama nati, akatazama koleo, akamuuliza Furaha alisikia nini mguuni. Furaha akamwambia, pamoja na jibu nililompa mbele ya majirani. Mzee akanigeukia.

"Bibi yako huyu alikuambia, we ukaona haya ya batu wa mtaa. Ulitaka tuzike batu?"

Kisha akafunga nati mpya, akampa Furaha spana, akaniamuru mimi nikanyage. Tulizunguka magurudumu yote manne, tukijaza mafuta kila mara, na hakuturuhusu kuacha mpaka pedali ilipokuwa ngumu chini ya mguu wangu.

Sasa, mwanangu, sikuzuii kutengeneza gari lako nyumbani. Lakini chombo kinachotakiwa kama huna, kaazime, au ngoja. Na anayekanyaga pedali akikuambia bado, basi ni bado, hata kama mtaa mzima unakutazama. Aibu ya kuanza upya inaisha siku hiyo hiyo. Kama ningemuua mama yule wa baiskeli, nisingekuwa na mdomo wa kukuambia haya.

Mungu akulindie mikono yako, na wote utakaowabeba wafike kwao wakiwa hai.