Memori Mbili za Kaka

Mhariri wa video alitaka kitu kimoja tu: jozi ya memori za kompyuta (RAM) iliyopimwa pamoja kiwandani na kufungwa ndani ya boksi moja. Studio aliyokuwa akiifanyia vibarua ilikuwa imemwahidi ajira ya kudumu, mradi filamu ya mahafali ya chuo iwe mezani Ijumaa asubuhi, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa imeanza kuhema.

"Boksi la nini?" kaka yake akacheka. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta, na droo nzima ya memori alizozichomoa kwenye mashine zilizokufa. "Unalipia kadibodi, mdogo wangu. Hizi mbili ukubwa mmoja, kasi moja. Au unataka na cheti cha ndoa?"

"Kaka, kazi hii siyo ya kubahatisha."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kubahatisha?"

Mama yao, aliyekuwa akikunja nguo, akaingilia. "Una fundi ndani ya nyumba, halafu unakwenda kununua kwa watu baki? Usituaibishe." Mambo yakaishia hapo.

Haki yake tumpe: kaka alizipima. Alichomeka moja, akaiendesha mchana kutwa, ikatulia. Akaitoa, akachomeka ya pili, nayo ikatulia. Ndivyo alivyopima memori siku zote, moja moja, kama mwalimu anayesikiliza wanafunzi wakisoma kwa zamu. Kuzipima zikiwa pamoja hakukumjia akilini; akazichomeka zote mbili kwenye kompyuta ya mdogo wake, akaenda zake.

Alhamisi mchana, filamu ikiwa imebakiza hatua ya mwisho, kompyuta ikazimika. Mhariri akaiwasha, akaanza upya, ikazimika tena. Kaka akaja, akalaumu umeme, akalaumu programu, akalaumu hata feni. Mdogo wake alipomwomba achomoe memori moja, alinuna.

"Unanifundisha kazi? Haya, iguse mwenyewe, ikiungua usiniite."

Kaka hakuichomoa mpaka Ijumaa, jua limekwisha kupanda. Kwa memori moja kompyuta ilijikongoja, lakini haikuzimika tena, na filamu ikatoka nzima adhuhuri. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. "Kwa vibarua tutakuita," meneja wa studio alimwambia kwenye simu.

Kaka aliipuliza vumbi ile memori aliyoichomoa. "Na hii nzima, ukitaka nakupimia sasa hivi."

"Mshukuru kaka yako," mama akasema. "Kaacha wateja wake kwa ajili yako."

"Ahsante, kaka," akasema bila kumtazama.

Jumatatu studio ilimwita kwa kibarua cha nusu siku: kumwonyesha mwajiriwa mpya mafaili yanakaa wapi.