Uso Ambao Janyl Aliufuta

Wakati wa baridi Janyl alitembea na betri za kamera kifuani, chini ya sweta mbili, kama mtu aliyebeba mayai. Ukiziacha ndani ya kamera zilikufa kabla hujafika kwa jirani. Akiingia nyumbani kwa mtu aligeukia ukutani, akapitisha mkono shingoni, akazitoa zikiwa na joto la mwili wake na kuzichomeka upesi. Hapo ndipo ulipoambiwa ukae sawa. Alikuwa na muda wa picha nne, zikizidi tano.

Kamera yenyewe ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. Hivyo ndivyo alivyosema binti yake Nurzat alipoituma kutoka Moscow, ambako alikuwa anafagia ngazi za maghorofa. Ilikuwa ya rangi ya fedha, ndogo kama kipande cha sabuni, na kioo chake cha nyuma kilizidi kiberiti kidogo tu. Kila betri zilipoisha ilisahau siku na kurudi tarehe mosi Januari, mwaka 2005. Ndiyo maana picha zote za kijiji chetu cha Ak-Jar, harusi kwa misiba, zina tarehe hiyo moja pembeni kwa maandishi ya rangi ya chungwa. Hakuna aliyejali. Wenyewe tulijua ilikuwa lini.

Janyl alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, mjane wa miaka arobaini na saba. Mumewe alipofariki watu walidhani atarudi kwao, lakini alibaki kumtunza baba mkwe wake, mzee Turdubay. Mtoto mwingine wa mzee, Melis, alikuwa na kazi ya serikali katika mji mkuu, Bishkek, akija mara mbili kwa mwaka na gari lililojaa mchele na sukari. Mimi nyumba yangu inapakana na yao. Moshi wa jiko lao ukichelewa asubuhi, mimi ndiye wa kwanza kujua.

Mwanzoni kamera ilikuwa ya kuchekesha tu. Janyl alipiga harusi, akapiga watoto wa shule, akapiga ng'ombe wangu alipozaa mapacha. Mwisho wa mwezi alipanda basi dogo hadi mji wa Naryn na kurudi na bahasha za picha, na kila mtu alilalamika kuwa yeye si mnene kiasi kile.

Mambo yalibadilika masika ya mwaka 2009. Kijana mmoja mchungaji, Ularbek, alikuwa anavuka mto wakati theluji ya juu inayeyuka. Maji yakamchukua yeye na farasi wake. Walimpata siku ya tatu, na pasipoti iliyokuwa mfukoni ilikuwa imegeuka uji. Mama yake, Sonun, alikuja zahanati akiwa bado amevaa nguo za msiba, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Janyl, sina uso wake," alisema. "Natafuta nyumba nzima. Nina buti zake, nina mjeledi wake. Uso sina."

Janyl alitoa kamera kwenye mfuko wa koti lake jeupe na kuanza kubonyeza, picha moja baada ya nyingine, hadi akafika harusi ya vuli iliyopita. Ularbek alikuwa amesimama nyuma ya bwana harusi, mdomo umejaa mkate, anacheka. Sonun aliishika kamera kwa mikono miwili na hakuirudisha mpaka betri zilipokwisha.

Mchonga mawe wa Naryn, anayechora nyuso za marehemu juu ya mawe ya makaburi, alipoletewa picha ile alikuna kichwa. "Mama, hii anatafuna. Kwenye jiwe mtu hutulia. Nimfunge mdomo?"

"Usimguse," Sonun alimwambia. "Mwache ale."

Ndivyo alivyo mpaka leo makaburini kwetu, juu ya jiwe jeusi. Mullah, shehe wetu, alinung'unika kuhusu nyuso kwenye makaburi, kama anavyonung'unika kila mwaka, kisha akasoma dua.

Baada ya hapo Janyl alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwapiga wazee. Hakusema ni kwa ajili gani, na hakukuwa na haja. Wazee waliozoea kuota jua mbele ya duka walimwona anakuja, mmoja akapaza sauti:

"Jamani, jifunikeni! Mtoa roho huyo, safari hii kaja na kifaa cha Kichina!"

"Wewe usijisumbue kujifunika," Janyl alimjibu bila kusimama. "Uso huo hata jiwe litaukataa."

Walicheka, na kabla ya wiki kuisha yule aliyepaza sauti alikuja zahanati amenyoa ndevu, amevaa kofia yake nyeupe ya sikukuu na medali mbili. Kufikia msimu wa theluji Janyl alikuwa na wazee wote wa Ak-Jar ndani ya ile kamera. Wote, isipokuwa yule wa nyumbani kwake.

Mzee Turdubay hakuwahi kupigwa picha kwa hiari. Kwenye picha za harusi za wanawe utaona bega lake, au kofia iliyoshushwa hadi puani. Ile moja ya pasipoti alipigwa kwa kulazimishwa na serikali, na pasipoti aliiweka chini ya mkeka kama kitu cha aibu. Janyl alimwomba mara tatu. Mara zote mzee aliuliza kama chai iko tayari.

Siku moja mwezi wa pili alikuwa amekaa dirishani anashona hatamu iliyokatika, jua limempiga upande mmoja wa uso. Janyl alikuwa anakanda unga. Aliniambia baadaye kwamba hakufikiri. Alipangusa mikono, akatoa betri kifuani, akasimama mlangoni na kubonyeza. Alisahau kuizima flashi. Chumba kizima kiliwaka.

Mzee aliweka hatamu chini. "Lete."

"Baba, nisamehe, mimi nilitaka tu—"

"Lete, mwanangu, nione."

Alileta. Mzee aliisogeza kamera mbali, akaisogeza karibu, akaifuta unga kwa mkono wa koti. Alikitazama kile kioo kwa muda mrefu.

"Kumbe ningekuwa na baba mzee, angekuwa hivi," alisema.

Kisha akainuka, akafungua sanduku ambalo magodoro hupangwa juu yake, akatoa kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya zamani, ya kahawia, ya wanaume watatu wamesimama kando ya farasi. Yule wa kati hakuwa na kichwa. Palikuwa na tundu, limekatwa vizuri kabisa kwa duara.

"Huyu Kurman, baba yangu," mzee alisema. "Alikuwa karani wa ushirika. Miaka ile ya kukamatwa watu, polisi wa serikali walikuja kumchukua wakati wa kukata majani, nikiwa na miaka mitano, na hakurudi. Mama akasikia kwamba ukikutwa na picha ya mtu wa namna hiyo na wewe unafuatia. Huyu wa kushoto ni kaka yake, mama hakutaka kumchoma naye. Basi akachukua mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, akamtoa baba peke yake, akamtia kwenye moto wa jiko. Mimi nimekaa pale pale ulipo sasa."

Janyl aliinamisha macho, akaangalia sakafu aliyoikanyaga.

"Siku ya pili nilikuwa bado namkumbuka. Nilikuwa nafumba macho namwona. Mwaka uliofuata nikifumba, naona tundu." Alimrudishia kamera. "Hana kaburi, hana uso. Mimi nikasimame kwenye jiwe nikitazama barabara, watu wanisalimie? Futa."

"Baba, sina nyingine."

"Najua. Futa."

Janyl alibonyeza. Mzee aliinama kuangalia kile kioo kilichobaki kitupu.

"Imekwenda wapi?"

"Haipo tena, Baba."

"Haipo wapi?"

"Haipo tu."

Mzee alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Mama yangu alihitaji mkasi na jiko," alisema, na akarudi kwenye hatamu yake.

Alifariki vuli iliyofuata, usingizini. Hema la msiba lilisimamishwa uani, wanawake tukakaa ndani yake tukiomboleza. Melis alikuja na watu wa Bishkek. Siku ileile ya kuandikisha kifo pasipoti ilirudishwa ofisini, kama inavyotakiwa, na katika kukimbizana kule hakuna aliyekumbuka kuitolea nakala. Siku ya tatu Melis alimsimamisha Janyl karibu na sufuria za nyama, mbele yetu sote.

"Shemeji, nipe picha ya baba kwa ajili ya jiwe."

"Sina, shemeji."

"Huna vipi? Kila mzee wa kijiji hiki umempiga. Hata yule mlevi wa kinu unaye."

"Alikataa."

"Alikataa, au hukuwa na nafasi naye?" Sauti ilimpanda. "Mtu mmekaa naye nyumba moja, unashindwa kubonyeza mara moja tu? Unapiga ng'ombe wa jirani!"

Nilitaka kufungua mdomo, kwa kuwa ng'ombe alikuwa wangu, lakini Janyl alinitazama nikanyamaza. Mbele ya waombolezaji mkwe habishani. Alichukua upawa akaendelea kugawa mchuzi. Mwaka mzima uliofuata Melis hakumpigia simu, na pale dukani watu walikuwa na maneno yao.

Karibu na karamu ya kutimiza mwaka tangu mzee afariki, Melis alikuja kumchukua waende Naryn kuagiza jiwe, kwa sababu desturi ilimtaka awepo. Mchonga mawe alifungua daftari, akauliza jina la marehemu. Janyl, ambaye kwa miaka ishirini na mitano hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake, kwani kwetu mkwe halitamki, aliomba kalamu na kuliandika. Chini yake akaandika jina lingine: Kurman.

"Hilo la nini?" Melis aliuliza. "Babu hakuzikwa kwetu. Hata hatujui alizikwa wapi."

Janyl alifungua mkoba akamwekea mezani kile kitambaa chenye picha ya zamani. Alimweleza yote, hatamu, flashi, mkasi, na jinsi alivyofuta. Melis alikuwa na miaka hamsini na moja. Hakuwahi kuiona picha ile. Baba yake alikuwa amemwambia tu kwamba babu alikufa mapema. Aliingiza kidole chake kwenye lile tundu, akakitoa haraka kama aliyeungua, akatoka nje. Mchonga mawe alimwona dirishani amesimama mbele ya gari lake, mgongo umegeuka.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Andika yote mawili," alimwambia mchonga mawe. "Picha usiweke." Na kwa Janyl akasema, "Dada, nilikutukana mbele ya watu."

"Ulikuwa umefiwa," Janyl alisema.

Siku ya karamu Melis alisimama mbele ya wageni wote na kueleza mwenyewe kwa nini jiwe la baba yake ni tupu, na kwamba shemeji yake ndiye aliyeshika wosia wa mzee. Wengi walisogea kusoma jina la pili, na nilimwona Sonun akiligusa kwa kiganja. Kabla ya miaka miwili nyumba nne za Ak-Jar zilikuwa zimepeleka majina ya watu wao waliochukuliwa, yakaongezwa kwenye mawe ya watoto wao. Moja lilikuwa la babu yangu.

Janyl bado anadunga sindano, lakini kamera imekwama lenzi na kila mtu sasa ana simu.