Disketi ya Kuokolea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa burashi ya kupaka rangi, mpya, bado imebandikwa bei. Fundi Mkuu alinionyesha kompyuta tano zilizofunguliwa, zimejaa vumbi jeupe la simiti la kutoka Athi River, akaniambia nizifagie bila kugusa kibao cha kijani. Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Sikuuliza kibao hicho ni kipi. Nilifagia zote tano nikiogopa kila kitu.

Karakana ilikuwa Kitengela, nyuma ya duka la chakula cha mifugo, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Tulipokea kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za Nairobi, tukazifufua, tukazipeleka shuleni na zahanatini. Memori zao zilikuwa ndogo, na shida ilianzia kwenye kerneli. Kerneli ni kiini cha mfumo, programu inayoamka kwanza na kuzionyesha programu nyingine diski iko wapi, kibodi iko wapi. Ile iliyokuja tayari ilikuwa nzito kwa sababu ilibeba madereva ya vifaa vingi ambavyo sisi hatukuwa navyo. Dereva ni kipande cha programu kinachojua kuzungumza na kifaa kimoja.

Kwa hiyo tulijitengenezea kerneli nyembamba. Tulichukua maandishi yake ya asili, tukajibu maswali mamia, kila kifaa ndiyo au hapana, kisha tukaiachia mashine iyageuze maandishi hayo kuwa programu. Kazi hiyo tuliita kukompaili. Ilichukua saa sita stima isipopotea.

Fundi Mkuu aliona kwamba naandika polepole lakini siruki mstari. Akaninunulia daftari nene, nikawa mtu wa kuandika majibu yote, mashine kwa mashine.

"Wewe hauongei," aliniambia, "lakini daftari lako linaongea. Hiyo ni sawa. Lakini siku ukiwa hujui kitu, usininyamazie."

Alikuwa na sheria mbili. Usifute kerneli ya zamani kabla mpya haijaamka kwenye mashine yake yenyewe. Na usitoke karakanani bila disketi ya kuokolea, ile inayoweza kuamsha mashine wakati kila kitu kingine kimekataa.

Mwaka wa tatu alinikabidhi zahanati moja ya misheni mjini Kajiado. Ilitibu kifua kikuu. Kila Ijumaa kompyuta yao ilichapisha orodha ya wagonjwa ambao hawakuja kuchukua dawa kwa wiki mbili, pamoja na mahali walikohamia, kwa sababu ulikuwa ukame na watu walifuata malisho. Mfuatiliaji alipanda baiskeli na orodha hiyo akawatafuta. Msimamizi alikuwa muuguzi tuliyemwita Sista.

Mgonjwa mmoja alikuwa mama wa upande wa Kisaju, jina lake Sianoi. Mara ya kwanza aliniona nikiingia na mkoba wa vyombo.

"Supa, ero," alinisalimia kwa Kimaasai kutoka kwenye benchi.

Niliinamisha kichwa.

"Mkamba huyu! Kwao hawasalimiani, ama hiyo mashine imekula ulimi wake?"

Benchi lote lilicheka. "Ipa," nikaitikia salamu yake kwa sauti ndogo.

"Eh! Kumbe iko hai!"

Tangu hapo kila nikifika alinianza hivyo, na nilianza kuitikia kabla hajamaliza.

Mashine yao ilikuwa imelemewa. Orodha ilichukua asubuhi nzima kutoka, na Sista akaomba tuipunguzie mzigo. Nilijibu maswali yote peke yangu, nikakompaili kwenye mashine ya karakana, nikaijaribu hapo hapo. Iliamka vizuri. Asubuhi ya Alhamisi nilitaka kuibeba kwenye disketi, lakini disketi tatu zilikuwa zimeharibiwa na vumbi. Iliyobaki nzima ilikuwa ile ya kuokolea. Nikaandika kerneli mpya juu yake, yaliyokuwamo yakafutika.

Fundi Mkuu alikuwa mlangoni, anaelekea Loitokitok kuweka kompyuta kwenye shule moja.

"Uko na disketi ya kuokolea?"

"Niko nayo, Mkuu."

Ilikuwa mfukoni kweli.

Kule Kajiado, nafasi kwenye diski haikutosha kerneli mbili. Nilifuta ya zamani, nikaweka mpya, nikazima, nikawasha. Maandishi yalipita haraka, kisha yakasimama. Kerneli ilisema imeshindwa kuupata mzizi, yaani pale kwenye diski ambapo mafaili yote yanaanzia. Niliwasha tena mara nne. Ilisimama pale pale.

Sista alikuja na kuangalia kioo. "Imekuwa nini?"

"Stima, Sista. Imepigwa na stima."

"Na kesho ni orodha."

"Kesho itakuwa sawa."

Niliitia ndani ya gunia nikarudi nayo Kitengela. Nilidhani labda diski imekufa, labda nimebakisha madereva mengi. Nikakompaili tena na tena, na kila mara nikizidi kupunguza. Stima ilipotea mara mbili katikati. Namba ya simu ya ile shule ya Loitokitok ilikuwa imebandikwa ukutani. Nilienda mpaka kwenye kibanda cha simu na sarafu mkononi, siku mbili tofauti, na siku zote mbili nikarudi bila kupiga.

Kule zahanatini Sista alikuwa akipekua kadi za karatasi kwa mkono, kila akimaliza foleni ya wagonjwa, kwa mpangilio wa herufi. Ijumaa ya kwanza ilipita, na ya pili. Alikuwa amefika M.

Fundi Mkuu alirudi siku ya kumi na moja. Alifungua daftari langu, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Kadi ya diski. Umeandika hapana."

"Ndiyo, Mkuu."

"Diski ya hii mashine inapitia kadi yake yenyewe; bila dereva wa kadi hiyo kerneli haiioni. Ya kwetu hapa haipitii. Uliifungua ukaangalia kabla ya kujibu?"

Nilitikisa kichwa.

"Na disketi?"

Nikampa. Aliisoma kwenye mashine, akaitoa, akaiweka mezani taratibu. Hakunipigia kelele. Alitengeneza nyingine, yenye ile kerneli nzito iliyokuja tayari, na kompyuta ikaamka kabla chai yake haijapoa.

"Huko uliwaambia ni nini?"

"Stima."

"Utairudisha wewe mwenyewe. Na utamwambia Sista ukweli."

Niliirudisha Kajiado, na orodha ikatoka siku hiyo hiyo. Ilikuwa na majina sita ambayo Sista hakuwa ameyafikia kwenye kadi. Mfuatiliaji aliwapata watano. Wa sita alikuwa Sianoi. Watu wake walisema dawa zilimtapisha, akaziacha, akangoja mtu aje amwambie afanye nini. Walikuwa wamemzika siku nne zilizopita.

Nilimweleza Sista yote, disketi, kerneli ya zamani, kibanda cha simu.

"Mimi siwezi kusema angepona," alisema. "Na wewe usiseme asingepona."

Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta. Programu ile iliendelea kuchapisha jina la mgonjwa kila Ijumaa mpaka mtu afunge kadi yake na kuandika sababu. "Mfunge wewe," akaniambia.

Niliandika *amefariki*, nikitafuta herufi moja moja. Sista alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Nilipotoka, nilipita mbele ya benchi, na hakuna aliyenisalimia.

Nilibaki kwenye kazi hii. Nilitumwa Ngong, nikatumwa Embulbul, na baadaye mimi mwenyewe nikaitwa Fundi Mkuu, hadi macho yalipochoka. Siku hizi kerneli inakompailiwa kwa muda wa kunywa chai, na ya zamani inabaki yenyewe bila kuambiwa. Hilo ni jambo jema. Lakini mashine bado haijui kama fundi wake ameogopa. Kwa hiyo kila asubuhi niliwauliza mafundi wangu, "Leo hujui nini?" na hakuna aliyeshika bisibisi kabla ya kujibu.

Siku ya kustaafu nilimpa daftari binti aliyechukua nafasi yangu. Alilifunua, akafika kwenye ukurasa wa zahanati, akaona jina la mtu katikati ya majina ya vifaa.

"Huyu Sianoi ni nani, Mzee?"

Nilivuta kiti, nikamwambia.